Ramani moja, madarasa 15,000

Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua ujenzi wa madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na wanafunzi walitarajiwa Januari. Kwa muda huo, mtindo wa kawaida wa ofisi ya wasanifu majengo, mchoro mmoja mmoja na zabuni moja moja, usingefika popote.

Kazi ilibebwa na fosi akaunti, utaratibu wa kujenga bila mkandarasi: ramani ya aina moja, mafundi wa hapohapo, na kamati tatu za shule, yaani ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Anayenunua saruji siye anayeihesabu ikishushwa. Huo ni usimamizi mzuri, na sioni haya kuusifu.

Tatizo liko kwenye ramani yenyewe. Chukua kata kama Uwemba, Njombe, ambako ardhi ni milima na mabonde. Ramani inachora msingi kama vile kiwanja ni bapa. Kwenye mteremko, upande wa chini unadai kozi kadhaa za ziada kabla ya kufikia usawa wa jamvi, pamoja na kifusi cha kujazia. Mbao za kenchi ziko jirani, maana Njombe ni nchi ya misitu ya kupandwa. Saruji ndiyo inayosafiri, kutoka Songwe au Dar es Salaam kupitia Makambako, na msimu wa mvua huanza karibu Novemba. Milioni 20 zilikuwa zilezile. Fundi na mhandisi wa halmashauri wanaamua papo hapo: wapunguze kina, waongeze nondo, au wasogeze jengo? Uamuzi ukibaki mdomoni, hauna mwenyewe.

Ofisi ya wasanifu ina dawa yake ya zamani. Kila mchoro una namba, tarehe na herufi ya marekebisho. Rejista inaonyesha nani alipewa toleo lipi, na toleo la zamani linaondolewa saiti. Ukuta ukipasuka baada ya miaka mitano, karatasi inasema nani aliamua nini. Fosi akaunti iliundwa kulinda fedha na vifaa, ikausahau mchoro.

Wahandisi wa halmashauri, wekeni kaunta buku moja kila saiti: badiliko, sababu, tarehe, sahihi. Na TAMISEMI itoe ramani ya pili, ya msingi wa mteremko, yenye makadirio yake yenyewe.