Uso wa Diouana

Filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, La Noire de..., ilipewa tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa mwaka 1966. Tuzo hiyo ni ya mwongozaji. Lakini mzigo wa hadithi aliubeba Mbissine Thérèse Diop, mshonaji nguo wa Dakar. Diouana, mtumishi aliyepelekwa Antibes, hasemi na bibi yake ila maneno machache. Mawazo yake husikika kwa Kifaransa, tena kwa sauti ya mwanamke mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti. Hiyo ni kasoro, wala si ndogo. Hata hivyo, Diop anapovua viatu vyake vya visigino kwa amri, au anapong'ang'aniana na bibi kinyago alichomtunukia mwenyewe, sauti ile ya kuazima haihitajiki.