Fundi wa Pande Mbili

Piano ina vibao 88 na nyuzi zipatazo 230, na mvutano wa nyuzi hizo zote ukijumlishwa hukaribia tani 20. Mzigo huo unabebwa na fremu ya chuma, lakini kinachozuia nyuzi zisilegee ni vigingi vilivyogongewa kwenye ubao mgumu. Ubao huo ukipasuka kwa kupishana kwa masika na kiangazi, piano haitulii tena kwenye sauti yake. Kwa nje huoni kitu. Mnunuzi atasifu mbao zinavyong'aa. Fundi atavika ufunguo wake kwenye kigingi, azungushe kidogo tu, na ajue kama kinashika au kinateleza.

Sasa tuseme kanisa moja la Tororo linauza piano yake kuukuu, na mwalimu wa muziki wa Busia, upande wa Kenya, anaitaka. Fundi wa karibu ni mmoja. Ndiye anayeitengeneza kwa fedha za kanisa, na mwalimu naye ni mteja wake wa siku nyingi. Wote wanampigia simu aikague.

Wapo watakaosema akatae. Mimi sikubali. Akikataa, mwalimu atanunua kwa macho tu. Na kuhudumia pande mbili peke yake si kosa: pale Busia, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018, maofisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi chini ya paa moja bila kuchanganywa, kwa kuwa kila mmoja anajulikana ni wa serikali ipi.

Fundi ninayemsifu husema kabla ya kufungua kifuniko: "Mwalimu, hawa wa kanisani ni wateja wangu pia. Nitakachokikuta nitawasomea nyote." Ada yake ya ukaguzi haibadiliki, piano inunuliwe isinunuliwe. Bei hapangi. Akiulizwa, "Fundi, nitoe ngapi?" hutaja gharama ya matengenezo, basi. Na akiitamani piano hiyo yeye mwenyewe, ukaguzi anamwachia mwingine, hata kama huyo mwingine itabidi atoke Kampala au Kisumu.

Kishawishi kikubwa kiko kwenye fedha. Muuzaji anahesabu kwa shilingi ya Uganda, mnunuzi kwa ya Kenya, na katikati pana nafasi pana ya kula mara mbili: cha juu kwenye bei, halafu kingine kwenye kubadilisha hela. Kwa hiyo fundi wetu huandika karatasi moja yenye kiasi kwa fedha zote mbili na kiwango cha siku ile, kila upande ukabaki na nakala. Kazi ya dakika tano, na madalali wengi hawaitaki.

Wewe unayetafuta piano ya mtumba, mwulize fundi wako analipwa na nani kabla hajashika ufunguo. Akinuna, tafuta mwingine.