Ukata si Mhusika: Jinsi Tunavyoziandika Timu Ndogo

Kuna mhusika mmoja ambaye hakosekani kwenye kurasa za michezo za magazeti yetu. Msimu wowote, mkoa wowote, yumo. Jina lake Ukata. Ukata huikwamisha timu njiani. Ukata huwafanya wachezaji wagomee mazoezi. Ukata huishusha timu daraja. Soma vichwa vya habari uone: kitenzi kikali, na mtenda ni yeye. Watu hawaonekani. Ni kama tunasoma habari za mvua ya mawe.

Nimekuwa kwenye kazi ya habari kwa zaidi ya miaka kumi, na habari za namna hiyo nimeziandika nyingi. Naweza kuandika moja nikiwa kwenye daladala, kwa simu, kabla sijafika ninakoshuka. Leo nataka kuzisoma jinsi tunavyosoma hadithi na riwaya hapa kwenye blogu: nani anatenda, nani anatendwa, na nani kafichwa nyuma ya pazia.

Muundo wake ni rahisi. Una sehemu tatu. Kwanza timu inakwama. Pili kiongozi anajitokeza na kuwaomba "wadau" waisaidie. Tatu, kimya. Hakuna sehemu ya nne. Hatuambiwi kama wadau walikuja, walitoa nini, na kilitumikaje. Na hilo neno "wadau" lenyewe lina matatizo yake. Linamgusa kila mtu, kwa hiyo halimwiti mtu. Ukisema "wadau wajitokeze", hakuna hata mmoja atakayegeuka akadhani ameitwa kwa jina.

Chukua mfano wa nyumbani kwetu Mara. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu na kuanza kuicheza msimu wa 2018/19. Msimu huo ligi ilikuwa na timu 20 na haikuwa na mdhamini mkuu. Hebu fikiria: unaingia kwenye nyumba mpya siku ambayo umeme umekatwa. Wakavumilia. Msimu wa 2020/21 wakamaliza nafasi ya nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaitoa FC Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakaichapa Al Ahli Tripoli mabao 2-0. Zilibaki dakika tisini za kwenda kuulinda ushindi huo Libya.

Hawakusafiri. Wakatolewa mashindanoni, na mwisho wa msimu huohuo wa 2021/22 wakashuka daraja.

Kwa mwandishi wa ukata, hadithi imekwisha hapo. Kwa msomaji makini, ndiyo kwanza inaanza. Ndege ya Libya huhitaji nini? Vibali huombwa na nani, lini? Ahadi zilitoka wapi, na zilikuwa za maandishi au za mdomo? Zaidi ya hapo, msimu ule wa nafasi ya nne timu ilikuwa na mechi 17 za ugenini. Kutoka Musoma kwenda Tanga, Mbeya au Ruangwa si mwendo wa kwenda sokoni na kurudi. Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000. Mapato ya mlangoni nayo hunona siku Simba au Yanga wanapokuja, yaani mara mbili kwa msimu. Hayo ndiyo mambo yanayoila timu. Yanahesabika. Yana tarehe. Lakini tukishaandika "ukata", hesabu zote zinafungwa.

Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kwa haki za matangazo ya ligi. Ni fedha nyingi, na zimesaidia. Ila fedha hizo ni za Ligi Kuu. Timu ikishuka, inaziacha huko juu, huku basi linaendelea kunywa dizeli ileile.

Hapa nataka nimlete jirani yetu wa Butiama. Mwaka 1969 lilichapishwa tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, mfasiri Julius Nyerere, jina *Mabepari wa Venisi*. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere angeweza kuandika "Mfanyabiashara wa Venisi" na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua "Mabepari". Unaweza kubishana naye, na wengi wamebishana, lakini angalia alichofanya: alikataa kuiacha fedha bila jina. Tamthilia yenyewe imejengwa juu ya hilo. Deni la Antonio lina kiasi, dukati 3,000. Lina muda, miezi mitatu. Lina mdai, lina mdhaminiwa, lina saini, lina adhabu ya ratili moja ya nyama. Ndiyo maana inatushika mpaka leo. Ondoa hayo yote, andika tu "ukata wamkumba Antonio wa Venisi", uone kama kuna mtu atakaa mpaka kitendo cha tano.

Sasa niseme langu.

Nilikulia Kibara, upande wa Ghuba ya Speke. Miaka kadhaa iliyopita nilirudi likizo nikakuta timu ya pale mwaloni imekosa mechi ya mashindano ya wilaya. Nauli ya kwenda Bunda haikuwepo. Nikaandika. Maneno kama mia tatu hivi, kichwa unakijua. Ikatoka. Nikajisifu kidogo, kwamba nimeikumbuka nyumbani.

Wiki iliyofuata nikaitwa na mweka hazina wa timu, mama mmoja anayeuza dagaa. Nikafika, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanipa kigoda. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule ukata uliouandika uliuona wapi?"

Nikamwambia, mama, si hamkuwa na nauli?

Hakujibu. Akaingia ndani akarudi na kaunta buku iliyokatika jalada. Humo timu nzima ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Michango ya kila wiki. Neti ya goli iliyoshonwa na fundi wa nyavu za kuvulia, bure. Jezi zilizofuliwa, na aliyefua. Siku vijana walipofyeka nyasi za zahanati. Hata mechi zimepangwa kwa mwezi: zile siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, nusu ya timu iko ziwani, kwa hiyo mechi kubwa huwekwa wakati wa mbalamwezi. Halafu akanifungulia ukurasa wa wiki ile. Fedha za nauli zilikuwepo. Zote. Pembeni ameandika: zimetolewa rambirambi. Mtumbwi ulikuwa umepinduka, kaka wa beki wao wa kushoto hakurudi. Vijana walikuwa wamemtafuta ziwani siku mbili. Wakakaa kikao chini ya mti, wakakubaliana hela iende msibani na mechi waiache.

"Sasa wewe ukaandika hatuna," akasema. "Sisi tulikuwa nazo. Tukazitoa."

Nilinyamaza. Kusema kweli, sijui ningesema nini. Neno langu moja lilikuwa limefuta kikao, limefuta msiba, limefuta uamuzi wa watu wazima waliojua wanachofanya. Nilikuwa nimewapora tendo lao, nikampa yule mhusika wangu asiye na miguu wala mikono.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba tatizo la habari za ukata lina pande mbili. Mahali ambapo watu wamefanya jema, linawanyima sifa. Na mahali ambapo kuna mtu amekula fedha au ameahidi akaingia mitini, ukata unakuwa kichaka chake. Anajificha humo, tena sisi waandishi ndio tunaomwagilia maji. Mwema na mwizi wanatoka kwenye habari wakiwa na sura moja: wote "wamekumbwa".

Wengine watasema huu ni umasikini wetu tu, wenzetu wa Ulaya hawana shida hizi. Si kweli. Dublin, Ireland, kuna klabu inaitwa Bohemian, ya mwaka 1890, inamilikiwa na wanachama wake. Nayo imepita kwenye madeni mazito. Uwanja wake wa Dalymount Park ulinunuliwa na halmashauri ya jiji mwaka 2015. Lakini klabu ile haikukubali isimuliwe kama maiti. Mwaka 2020 walitoa jezi ya ugenini iliyoandikwa maneno ya kuwakaribisha wakimbizi, na jezi hiyo ikanunuliwa hata na watu wa nje ya nchi yao. Jezi ile ni maandishi. Inasema: sisi ni akina nani, tunasimama na nani, na wewe unaweza kuingia vipi. Haiombi wadau wajitokeze.

Kwetu mbegu ya kusimulia namna hiyo ipo. Stand United ya Shinyanga ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi, wapiga debe na wenzao, wakaifikisha Ligi Kuu, na mashabiki wakaiita Chama la Wana. Jina hilo pekee lina hadithi kuliko makala kumi za ukata. Pamba ya Mwanza ilishuka mwaka 2001, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikiwa mikononi mwa jiji. Miaka yote hiyo katikati, kuna watu waliendelea kuibeba. Majina yao yako kwenye kaunta buku za nani? Nani amekwenda kuzisoma?

Sisemi neno "ukata" lifutwe kwenye kamusi. Ni neno zuri, na kuna siku ndilo la kweli. Ninachoomba ni kidogo: lisiwe mtenda wa sentensi. Tukiliandika, sentensi ya pili itaje kiasi, ya tatu itaje nani alipaswa kulipa, ya nne itaje timu ilitoa nini kwa watu wake mwaka ule. Mhariri akisema nafasi haitoshi, tukate yale maneno ya kuwaomba wadau. Hayatampungukia mtu.

Mwaka jana nilipita tena Kibara. Mama ameshahamia kaunta buku ya pili. Nikamwomba ruhusa niisome. Akanipa, ila kwanza akaniuliza kama mchango wangu wa timu nimekuja nao. Nikatoa. Akaandika jina langu, kiasi na tarehe, akanigeuzia nihakiki.

Nilihakiki. Hakukuwa na kosa.