Kusikiliza Ndiko Kunakomaliza Betri

Katika kisiwa cha Great Duck, pwani ya jimbo la Maine nchini Marekani, wako ndege wadogo wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo ardhini. Ukiwasumbua katika wiki mbili za mwanzo za kuatamia, huenda wakalihama shimo moja kwa moja. Sasa utalijuaje joto la humo ndani, au kama ndege yumo, bila kutia mkono? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na maabara ya Intel, wakishirikiana na College of the Atlantic, walisambaza vifaa 32 kisiwani, vingine mashimoni humo. Kila kimoja kilikuwa na vihisi, redio na betri mbili za AA, kama zile za saa ya ukutani.

Lengo lilikuwa miezi 9 bila kubadilisha betri, na hesabu yake inastahili kufuatwa kwa makini. Betri hizo zilikadiriwa kutoa miliampea-saa 2,200, yaani kama 8 kwa siku. Redio ikiwashwa tu, ikasubiri hewani bila kupokea chochote, ilikula 4.5 kila saa. Mgao wa siku ungekwisha kabla ya saa mbili kutimia! Ikiachwa wazi mfululizo, betri zingekufa baada ya siku kama 20. Na kutuma je? Pakiti moja kila sekunde 70, usiku na mchana, ni pakiti 1,234 hivi kwa siku, na zote kwa jumla hazigharimu hata nusu dakika ya kusikiliza.

Ndiyo maana vifaa vile havikusikiliza kabisa. Kifaa kiliamka, kikapima, kikarusha vipimo, kikalala. Mzigo wa kukaa macho walibebeshwa wapokezi wenye umeme wa jua, na data ikatoka kisiwani kwa setilaiti. Ni kweli, pakiti iliyopotea haikurudiwa, wala kifaa hakingeweza kupewa amri mpya. Kwangu hiyo ni bei ndogo: joto la shimoni halibadiliki sana kwa dakika moja.

Kilichovuruga hesabu ni maji. Bodi zilipakwa parylene kuzuia unyevu, lakini kihisi cha unyevu hakiwezi kupima hewa isiyokifikia, hivyo lazima kiachwe wazi. Maji yalipopenya, umeme ulipata njia ya mkato na betri zikamalizika bila kazi. Dalili zilionekana kwenye data: unyevu uliozidi asilimia 100, jambo lisilowezekana, na muda si mrefu kifaa kikanyamaza. Namba kama hizo wachambuzi wengi huzifuta mara moja kwa kuwa ni mbovu. Pale kisiwani zilikuwa taarifa ya mapema kwamba kifaa fulani kinakaribia kufa, na kingeweza kupangiwa mbadala ndege watakapoondoka.