Wanaosoma Hewa ya Jiji

Juu ya mapaa ya hospitali na vyuo vikuu katika miji mingi ya Ulaya kuna chombo chenye mkia wa bati unaokigeuza kielekee kule upepo utokako. Mwingereza J. M. Hirst alikibuni mwaka 1952 katika kituo cha Rothamsted, alipokuwa akifuatilia magonjwa ya mimea. Pampu yake huvuta lita 10 za hewa kwa dakika. Spora za kuvu hupita kwenye mwanya wa milimita 2 kwa 14, zikanata kwenye utepe unaosogea milimita 2 kila saa.

Mashine huishia hapo. Ufundi ndipo unapoanza. Utepe wa wiki hukatwa vipande saba vya milimita 48, kila kimoja siku yake. Kipande hulazwa juu ya kioo, kikatiwa jeli ya gliserini yenye rangi, kisha kikafunikwa polepole kiputo kisiingie. Baada ya hapo ni jicho na hadubini, mstari kwa mstari.

Msomaji mzoefu haulizi mara mbili. Spora ya kuvu Alternaria ni rungu la kahawia lililogawanywa vyumba kwa marefu na mapana. Cladosporium ni ndogo, ya rangi ya zeituni, na mchana mkavu wa kiangazi hujaa kuliko zote. Spora za uyoga huzidi usiku, unyevu unapopanda. Na kwa kuwa kila milimita 2 ni saa moja, akiona ghafla kundi la askospora, spora zisizo na rangi ambazo hurushwa mvua inaponyesha, anaweza kukuambia mvua ilinyesha saa ngapi.

Lakini umahiri wake hasa huonekana pale anapojizuia. Spora za Aspergillus na za Penicillium ni viduara vya mikroni chache, na hadubini haizitofautishi. Kuzitenganisha kunataka kuziotesha maabara. Fundi wa kweli hakisii. Huziandika pamoja, kundi moja, akaendelea na mstari unaofuata, hata kama jedwali lingependeza zaidi kwa majina mengi.

Wapo wagonjwa wa pumu wanaodhuriwa na Alternaria, na tahadhari wanayopewa hutoka kwenye hesabu hizo. Hesabu inayokiri mpaka wake ndiyo ya kutegemewa, na anayeiandika hivyo anastahili heshima ya fundi.