Roketi ya Zamani Hufufuliwa Kuanzia Kwenye Parachuti

Roketi ndogo ya karatasi iliyolala sandukuni tangu miaka ya 1970 humvuta mtu kwa rangi yake iliyobanduka na pezi lake lililovunjika. Hapo ndipo wengi huanzia kazi, na hapo ndipo kazi huharibika. Roketi inang'aa, inapaa vizuri, kisha inarudi kwa kasi na kujiponda ardhini, kwa sababu mpira wa ndani uliokaa miaka 50 umekatika mara tu parachuti ilipotoka. Kwa maoni yangu mpangilio wa kazi ndio tatizo. Mtu anafufua kile kinachoonekana wakati wa kupaa, ilhali chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya kushuka.

Tazama kilikotoka. Mwaka 1954 Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska nchini Marekani, alitengeneza roketi ya karatasi na mbao nyepesi. Fataki za kupaa zilikuwepo karne nyingi kabla yake. Jipya lake lilikuwa kifaa kinachopaa, kinatoa parachuti, kinatua kizima na kurushwa tena kesho yake kwa injini nyingine. G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands, aliona humo njia ya kuwaokoa vijana waliokuwa wakijilipua kwa kuchanganya baruti majumbani. Vern Estes naye akaunda mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi. Tangu hapo kanuni haijabadilika: bomba la karatasi, mapezi ya mbao laini, pua ya mbao au plastiki, wala hakuna chuma kwenye mwili, maana kikianguka kichwani mwa mtu kisimuue.

Afrika Mashariki tumeziona roketi za aina nyingine kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Scout ilipeleka angani setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Scout haikutarajiwa kurudi. Roketi ya Carlisle inatarajiwa kurudi, na hilo peke yake hubadilisha kila kitu kwa fundi anayeifufua.

Kwa hiyo ingia kwanza ndani ya bomba. Vuta mpira unaounganisha pua na mwili. Ukiwa umegeuka mgumu na unapasuka nyufa ukivutwa, usijadiliane nao. Kilichoharibika mara nyingi ni mpira wenyewe, wala si kipande cha karatasi kilichoubana kwenye ukuta wa bomba. Kipande hicho kikishika vizuri kiache, na kipya ukigandishe pembeni yake, chini kidogo ya pale pua inapoingia, ili kisiizuie pua kuchomoka. Dawa ya mpira wenyewe ipo kwa fundi cherehani yeyote wa soko la Ngaramtoni, mji ulio karibu na Arusha, Tanzania: lastiki bapa ya kushonea, ile ya kiunoni mwa sketi za shule. Kata ndefu, mara mbili au tatu ya urefu wa roketi. Hapa watu hubana sana. Lastiki fupi huirudisha pua kwa nguvu, ikagonga ukingo wa bomba na kuupasua. Ndefu humaliza nguvu hiyo njiani.

Parachuti ya plastiki iliyokunjwa miongo kadhaa hujigandia. Ifungue polepole, ipanguse, kisha uinyunyizie poda ya mtoto pande zote kabla ya kuikunja upya. Nyuzi zake zikague pale zinaposhikwa na stika. Gundi ya stika hukauka na kuachia, hata uzi ukiwa bado imara. Na kati ya parachuti na injini lazima pawe na karatasi laini iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, la sivyo mlipuko mdogo wa kuisukuma nje utaiyeyusha kuwa donge.

Mapezi yanakuja baada ya hapo. Supaglu inashika upesi, lakini kiungo chake ni kikavu na hukatika kikigongwa. Gundi nyeupe ya maseremala huingia ndani ya karatasi na mbao, na ikikauka kiungo huwa na nguvu kuliko karatasi yenyewe. Paka pande zote mbili kwa wembamba, acha ishike kidogo, paka tena, kisha bana. Pezi jipya likatwe mishipa ya mbao ikienda sambamba na ukingo wa mbele. Ikienda sambamba na bomba, pezi litavunjika kwenye shina kwa kutua kwa kwanza tu. Bomba lililokunjika halinyoshwi. Hukatwa, likaunganishwa kwa kipande cha bomba dogo kinachoingia ndani kwa kubana.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ukarabati mzuri machoni unapoweza kuzaa roketi ya hatari. Roketi hunyooka angani pale kitovu cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha kanieneo cha hewa, angalau kwa umbali wa kipenyo kimoja cha bomba. James Barrowman alitoa mwaka 1966 njia ya kukokotoa kitovu hicho cha pili kwa kalamu na karatasi, na hadi leo ndiyo inayotumika. Chukua roketi ya gramu 65 pamoja na injini, bomba lenye kipenyo cha sentimita 2.5. Fundi akiongeza gramu 5 za gundi na rangi kwenye mapezi, sentimita 20 nyuma ya kitovu cha uzito, kitovu hicho hurudi nyuma sentimita 1.4 hivi. Zaidi ya nusu ya akiba ya usalama imeliwa na urembo! Ndiyo maana napenda roketi ya zamani ibaki na rangi yake iliyochakaa. Ukilazimika kuongeza uzito mkiani, weka udongo wa mfinyanzi kiasi kama hicho ndani ya pua. Halafu thibitisha: roketi ikiwa na injini ndani, ifunge kamba kwenye kitovu chake cha uzito, izungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, mizani ipo. Mkia ukitangulia, hairushwi.

Ngaramtoni inaongeza hesabu yake. Mji upo kwenye miteremko ya Mlima Meru, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko Tanga au Dar es Salaam. Roketi itapaa juu kidogo zaidi, jambo la kufurahisha, lakini parachuti ile ile itashuka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 7. Parachuti ya kipenyo cha sentimita 30 inabidi iwe ya 32 ili kutua kuwe kule kule kwa upole. Kubwa kupita hapo nayo inageuka mzigo: kutoka mita 150, upepo wa mita 3 kwa sekunde huipeleka mita 100 pembeni, na upande huu wa Meru mita 100 ni shamba la mahindi la jirani, bati la nyumba au barabara ya Namanga. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, ndiyo saa yake. Agosti, mabua yakiwa yamekauka, siyo mwezi wake hata kidogo.

Injini ya zamani ndiyo sehemu ambayo sikubaliani na ufufuaji. Imeandikwa tuseme C6-5: herufi C huonyesha jumla ya msukumo isiyozidi newtoni-sekunde 10, 6 ni wastani wa msukumo kwa newtoni, na 5 ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijatolewa. Maandishi hayo hayasemi injini ilikaa wapi. Baruti iliyoshindiliwa ndani ya gamba la karatasi, ikipata joto la mchana chini ya bati na baridi ya usiku wa Julai mwaka baada ya mwaka, huweza kuachana na gamba. Moto ukipenya kwenye mwanya huo huwaka pande zote kwa mpigo, na kazi yako yote inapasuka kwenye fimbo ya kurushia. Injini mpya nayo ni baruti: haiingii kwenye mizigo ya ndege, inahitaji vibali, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Arusha upo pale Kisongo, wenye mamlaka ya anga lazima waulizwe kwanza.

Namna bora ya kufufua chombo cha zamani ilionyeshwa na wahandisi vijana wa NASA huko Huntsville, Alabama. Waliivua kipande kwa kipande injini ya F-1, aina iliyobeba roketi ya Saturn V hadi safari yake ya mwisho mwaka 1973. Walikuta viungo vilivyochomelewa kwa mkono na mabadiliko ambayo michoro haikuyataja. Januari 2013 waliwasha sehemu moja tu, jenereta ya gesi inayozungusha pampu za mafuta. Hawakuhitaji kuwasha injini nzima ili kujifunza.

Mwanafunzi wa Ngaramtoni anaweza kufanya vivyo hivyo na roketi yake, bila baruti. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, theluthi moja maji, hewa kutoka pampu ya baiskeli kupitia vali ya tairi iliyobanwa kwenye kizibo, inaweza kubeba lastiki mpya na parachuti iliyotiwa poda. Chupa isiwe na mkwaruzo, watu wakae mbali, chupa iachiliwe kwa kamba ndefu. Mfumo wa kushuka utakuwa umejaribiwa angani huku bomba, mapezi na rangi ya miaka ya 1970 vimebaki salama mezani. Ikitua, soma mafundo ya nyuzi kabla ya kusoma kitu kingine: fundo lililoteleza milimita mbili safari hii litafunguka safari ijayo.