Njano Kwenye Wino wa Kijivu

Mörk Borg, kitabu cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kilitoka Uswidi mwaka 2020. Pelle Nilsson ndiye mwandishi, Johan Nohr ndiye mchoraji na mpangaji wa kurasa, na ni vigumu kusema kazi ya mmoja inaishia wapi. Njano yake inaumiza macho. Herufi zinapiga kelele. Kila alfajiri ya mchezo dadu hurushwa kuona kama msiba umefika. Ukifika wa saba, dunia inakwisha na wachezaji wanaamriwa wakichome kitabu.

Nilikisoma kwanza kwenye Kindle ya inchi sita. Njano ikawa majivu, ramani ikawa doa. Nikapakua toleo la bure la maneno matupu. Likasomeka vizuri mno, na hapo ndipo nilipoudhika: mwisho wa dunia ulikuwa kama mkataba wa kupanga chumba.

Wanaotushauri kuhusu vifaa hivi huanza na chaji na afya ya macho. Sawa, kwa riwaya. Lakini mezani hakuna anayesoma mfululizo. Wenzako wameshika dadu, wewe unaruka kutoka jedwali hadi zimwi, na ukurasa wa wino wa kielektroniki unajikokota.

Basi nikaazima kishikwambi cha dada yangu, inchi kumi. Chaji iliisha kabla mchezo haujaisha, macho yakaniwasha, na njano ilikuwa njano. Sijakirudisha.